Usimwambie Philomena

Nyamisangura, Tarime
14 Januari 2024

Mdogo wangu Wangwe,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Philomena, kwa binti yenu Eunice na wote walio katika mji wako. Sisi hapa ni wazima. Mama mkwe bado ni wa kugeuzwa kitandani na kulishwa kwa kijiko, na nikichelewa dukani ananiuliza kama nilikuwa nimekwenda kuolewa upya. Nimesikia tembo wametoka tena hifadhini wakapita na mahindi yenu. Poleni sana. Hapa mjini wezi wetu wana miguu miwili, angalau unaweza kuwapigia yowe.

Utashangaa dada yako anaandika barua zama hizi. Ni kwa sababu ya simu yenu. Mtandao hampati mpaka mpande kichuguu, na mtu akiwa juu ya kichuguu hupiga kelele mpaka majirani wanajua habari za ukoo mzima. Halafu simu yenyewe anakaa nayo Philomena. Barua nampa Ngeleja, yule Msukuma wa Fuso aliyekuja huku kutafuta dhahabu akaishia kwenye ndizi. Ananunua hapa sokoni na kupeleka huko kwenu. Ni mtu asiye na maneno mengi.

Sasa lenyewe. Tangu nilipokupeleka kupima sukari, baada ya Krismasi, usingizi wangu si usingizi. Ulimwona daktari alivyoitazama ile mashine mara mbili. Vidonge umepewa, na kliniki ya kila mwezi umeandikiwa kule Mugumu. Lakini baba naye alikuwa na vidonge, Wangwe. Mguu wake ulianza na kidonda kidogo cha kokoto, na mimi ndiye niliyekuwa nakiosha. Wewe ulikuja alipokuwa ameshakatwa. Mimi harufu ile bado naijua.

Kanisani kwetu walikuja watu wa afya wakafundisha. Wanasema mwenye ugonjwa huo ale chakula kama kilivyotoka shambani: dona na mtama badala ya sembe, tena kiasi, si mlima, maharage, kunde, njugu mawe, mgagani, majani ya maboga, matunda kidogo. Mafuta ya kupikia aachane nayo. Sukari na soda ni marufuku. Nyama nayo waliisema vibaya, na nilikuona wewe moyoni, na bakuli lako la nyama ya kichuri, nikataka kucheka na nikashindwa. Jaribu, mdogo wangu. Nakuomba kwa woga, si kwa ukubwa wangu.

Dada yako,
Rhobi

*

Machochwe, Serengeti
20 Februari 2024

Shikamoo dada,

Sisi wazima, mvua imeanza, ng'ombe wananyonyesha. Eunice amepata mchumba, kijana wa mzee Nyamhanga wa ng'ambo ya mto. Mshenga ameshakuja mara ya kwanza, akala, akasifu, akaondoka bila kusema alichokuja kusema, kwa hiyo tunajua ni jambo la kweli. Mama mkwe wako mwambie mimi ninamtafutia yeye mchumba kwanza.

Barua yako niliisomea zizini. Dada, Mkurya unamwambia aache nyama! Ungeniambia niache kupumua ningekuelewa upesi. Lakini nimeanza. Wiki ya kwanza nilimwonea wivu hata mbwa. Sasa nakula kama mbuzi wa kufungwa kamba: majani asubuhi, majani jioni, na katikati maharage. Nyumbani nimewaambia nimeweka nadhiri kwa Mungu mpaka Eunice aolewe. Philomena ni mwanakwaya, neno nadhiri haliulizi mara mbili. Sukari nimeifukuza ndani ya nyumba, hata ya wageni. Wanakunywa chai kavu na kunisema njiani.

Jambo moja tu, na hili shika. Usimwambie Philomena. Usimwambie mtu yeyote. Unamkumbuka baba alipolala ndani, na kaka Felix na wenzake wakakaa nje ya dirisha wakigawana ng'ombe? Mimi nilikuwa kando ya kitanda. Walidhani mzee amelala. Aligeuka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yule mweupe amekwenda kwa nani?" Alikuwa hajafa, dada. Hapa kwetu mtu akijulikana ni mgonjwa, ameshakuwa marehemu anayekula ugali. Felix anapita hapa kila juma kunisalimia, na macho yake yako zizini. Na wakwe wakisikia sukari iko katika damu ya ukoo, Eunice atarudishwa kabla hajaenda.

Ukimwambia Philomena, mimi sitakuamkia tena maisha yangu yote. Nimeapa.

Wako,
Wangwe

*

Nyamisangura
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka. Mama mkwe anasema huyo mchumba awe na meno.

Nimefurahi, na furaha yangu ina kiroboto ndani yake. Hukuandika chochote kuhusu kliniki. Umekwenda? Wamekupima tena? Na vidonge unameza vipi sasa? Kuhusu Philomena, nimesikia. Sipendi, lakini nimesikia. Ninyi wanaume mnaogopa dirisha lenye watu nje kuliko kaburi lenyewe. Mimi nilikuwepo, najua kwa nini unaogopa, kwa hiyo nanyamaza. Ila kumbuka wazee walivyosema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ngeleja anakuletea mbegu za mgagani na mfuko wa nsansa kutoka kwa mkewe Ng'washi, yale majani ya kunde Wasukuma wanayoyakausha juani. Yapike na karanga zilizotwangwa, hutalilia nyama.

Rhobi

*

Machochwe
28 Aprili 2024

Shikamoo dada,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua iliondoka na daraja, na Ngeleja akalala na ndizi zake njiani mpaka zikawa pombe. Sisi wazima. Mshenga amerudi, safari hii amesema. Mahari tutapokea tarehe ishirini Julai, baada ya mavuno.

Nikuambie habari za mwili. Dada, mimi ni kijana! Mkanda nimeutoboa tundu jingine. Kiu ile imekwisha, usiku sitoki tena kama mlinzi. Natembea na ng'ombe hadi kwenye mpaka wa hifadhi na kurudi, na vijana wanaomba tupumzike. Nsansa nimeipenda, mwambie Ng'washi ananiharibia ukoo, nitahamia Usukumani. Haya majani yenu si mzaha. Ningejua mapema ningekuwa nimemlisha na baba.

Kliniki sijakwenda kwa sababu ya daraja. Pia kuna mtu wa hapa anafanya usafi pale, angeniona kwenye foleni. Usijali, vidonge sijakosa hata siku moja. Nanunua duka la dawa, vilevile, namba ileile. Mimi si mzembe.

Kuna kitu kidogo tu, nakiandika ili ucheke. Juzi niliteleza kwenye birika la kunyweshea ng'ombe nikakaa kwenye maji kama fisi. Nilipokanyaga palikuwa pakavu, lakini niliteleza. Asubuhi nyingine naamka nguo imelowa jasho, na mikono inacheza. Philomena anasema ni malaria, amenichemshia mwarobaini. Wiki iliyopita nilisimama zizini nikamtazama dume langu na jina lake halikuja. Nilisimama pale. Halafu nikala kiporo cha viazi, na jina likarudi lenyewe.

Felix anasema ni baba. Anasema mwenye mji hawezi kukataa nyama ya mji wake na waliolala makaburini wakanyamaza. Mimi siamini mambo hayo, unanijua. Lakini nimemwota baba mara kadhaa, amekaa, anaitazama sahani yangu. Hakuna cha kuogopa. Nimeandika tu.

Wangwe

*

Nyamisangura
12 Mei 2024

Wangwe,

Marahaba. Sisi wazima. Sina habari nyingine za nyumbani, zote zimenitoka kichwani niliposoma ulichoandika ili nicheke.

Nilifunga duka. Nilimwachia jirani mama mkwe nikaenda kwa sista mmoja wa kliniki hapa mjini, mtu mzima, nikamsomea barua yako bila kusema jina. Alinisikiliza mpaka kwenye viazi. Akaniuliza, "Vidonge walimpunguzia lini?" Nikasema hajapunguziwa. Akaivua miwani yake. Alisema, "Mama, vidonge hivyo kazi yake ni kushusha sukari. Alipewa wakati anakula sembe na soda. Sasa chakula kimeishusha, amekonda, anatembea, na vidonge bado vinavuta. Vikikosa sukari ya kuvuta vitamvuta yeye."

Umeelewa, mura? Si malaria. Si baba. Jasho, mikono kutetemeka, jina kupotea: hiyo ni sukari imeshuka mno. Anasema mtu hubadilika maneno kama mlevi, huanguka, na asipopewa kitu kitamu upesi huenda asiamke. Upesi, amesema, hapo hapo alipo. Na majani hayana kosa, aliyasifu sana. Kosa ni kwamba wanaokupa vidonge hawajui unakula nini.

Mimi ndiye niliyekutuma kwenye majani haya. Nilikuandikia mambo ya mgagani na dona, hili sikulijua nikuandikie. Ukianguka porini na ng'ombe, nitakuwa nimekuangusha mimi. Nimekaa na wazo hilo siku zote hizi.

Fanya haya. Nenda Mugumu kesho, usingoje mwezi. Waambie unachokula, wakupunguzie. Usiviache mwenyewe kwa hasira, na usiendelee hivyo hivyo. Glukosi ninayokutumia, ule unga mweupe wa pakiti, itembee mfukoni mwako. Na mwambie Philomena. Mtu anayelala kando yako ndiye atakayekuona umebadilika. Mimi niko mbali, nitaona nini?

Dada yako

*

Machochwe
16 Juni 2024

Shikamoo dada,

Tu wazima wote. Mtama umekomaa. Philomena ameshona gauni la siku ile, la kijani.

Kuhusu uliyoandika, nashukuru. Huyo sista ni wa mjini, huwatisha watu ili warudi. Mara uniambie sukari ni sumu, mara unitumie sukari kwenye pakiti. Niliitupa chooni, Eunice asije akaiona akauliza. Jasho limepungua. Mikono nayo iko sawa, karibu kila siku.

Mugumu nitakwenda baada ya mahari. Sasa hivi siwezi kuonekana hospitali, wakwe wana masikio. Kila kitu kitakwenda baada ya mahari, dada, nivumilie.

Tatizo langu ni nundu. Unajua desturi yetu tangu kwa babu: siku ya mahari mwenye mji hatii kitu kinywani tangu alfajiri mpaka ng'ombe wapokelewe na nundu iletwe. Anaikata yeye mbele ya wazee, anaila yeye kwanza, ndipo wengine wale. Asipoila, amekataa ndoa. Mimi nyama sijaigusa tangu Januari na naiogopa, nacheka lakini naiogopa. Nimeamua nitauma kidogo nimeze. Kipande kimoja hakiwezi kuniua. Kufunga hakunisumbui, nimezoea njaa sasa. Na usiwe na wasiwasi wa dawa, hata siku hiyo sitaruka: vidonge nitameza alfajiri, kwa maji matupu.

Usije. Najua mama mkwe haachiki, lakini hata ukipata wa kumwachia, usije. Uso wako hauwezi kuficha kitu.

Na kile nilichoapa bado nimekiapa.

Wangwe

*

Nyamisangura
2 Julai 2024

Wangwe,

Marahaba. Natumaini bado naambiwa.

Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako: vidonge alfajiri, kwa maji matupu, na kukaa na njaa mpaka ng'ombe wapokelewe. Wakwe hawajawahi kuwahi tangu dunia iumbwe. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Niliirudia kwa sista. Alishika mdomo.

Siku hiyo kunywa uji kwanza. Wazee hawatakufunua tumbo. Kama hutaki uji, uahirishe vidonge na uwaulize watu wa dawa kabla ya siku yenyewe. Nimepiga simu, haipatikani. Nimekuomba kama mkubwa, nimekuomba kama mdogo, sasa sina namna nyingine ya kukuomba wewe.

Ngeleja nimempa mizigo. Wako ni huu, nsansa na barua.

Rhobi

*

Nyamisangura
28 Julai 2024

Wangwe, mdogo wangu,

Tarehe ishirini imepita. Leo ni Jumapili ya pili. Nani mzima huko? Niandikie hata jina lako tu.

Simu ya Philomena haiiti kabisa. Ngeleja amekwenda kwao kwenye msiba, Fuso imesimama hapa sokoni, kila nikipita naitazama kama yenyewe inajua. Barua hii nampa dereva nisiyemjua. Mama mkwe ameacha kunitania. Jana alinishika mkono akasema, "Nenda," na mimi nikiangalia ninaona hawezi hata kujifunika shuka. Jirani amekubali kukaa naye kuanzia mwisho wa mwezi ujao. Nikikosa jibu nakuja, unitake usinitake.

Mlango ukigongwa naogopa kufungua, nadhani ni mtu wa kwetu ametumwa kuniambia. Nimefungua mara nyingi. Ni wateja wa chumvi.

Rhobi

*

Machochwe
18 Agosti 2024

Dada Rhobi,

Sikusalimu kwanza. Nina maneno, na yakitoka tutajua kama bado tunasalimiana.

Siku ile nilimeza vidonge alfajiri kwa maji, kama nilivyokuandikia. Uji sikunywa. Wakwe walichelewa, ng'ombe wao wawili walikataa kuvuka mto. Jua lilipopanda nikaanza kutoka jasho mgongoni, nikajiambia ni koti. Walipofika tukasimama zizini kubishana kama ada, juu ya jike moja lenye jicho bovu, na hapo naambiwa nilimwita mzee Nyamhanga mwizi. Mbele ya watu wake. Eunice nilimwita kwa jina la mama yetu. Mimi sikumbuki. Nakumbuka nundu iko kwenye sinia, wazee wamezunguka, kisu kiko mkononi mwangu na mkono unatikisika kama unapepeta mtama. Nilitaka kusema wanisubiri kidogo. Mdomo ukakataa. Kisu kikaanguka.

Dada, niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo hata siku simba alipoingia zizini. Nilikuwa ndani ya kichwa changu nagonga na hakuna anayefungua.

Felix alipaza sauti kwamba baba amekataa, kwamba nadhiri yangu imemkasirisha, kwamba nilishwe nundu sasa hivi ili waliolala watulie. Wakanishika. Wawili mikono, mmoja kidevu. Wakatia nyama mdomoni. Sikuweza kuitafuna wala kuitema, ilikaa kooni.

Unajua wanawake hawaingii nundu inapokatwa. Philomena aliingia. Haya nasimuliwa na Eunice. Aliruka sinia, na lile gauni la kijani. Alimsukuma Felix kifuani mpaka akakaa chini. Akatia kidole mdomoni mwangu, akaitoa nundu ya mahari, akaitupa mavumbini. Halafu akafungua pindo la kanga, akatoa unga mweupe, akawa ananipaka ndani ya shavu, anapaka na kuniita. Wazee wakapiga kelele. Akawaambia, "Huyu ana ugonjwa wa sukari, na sasa sukari imemwishia. Atakayemgusa tena nitamng'ata."

Kwa hiyo ulimwandikia. Ule mzigo mwingine wa Ngeleja ulikuwa wake.

Nilizinduka, nikaanguka tena njiani, wakanifikisha Mugumu kwa pikipiki nikiwa katikati ya watu wawili. Walinilaza kwa sababu sukari ilikuwa inashuka kila wakiipandisha. Nikiwa kitandani nilikuwa na hasira, na sikuwa na kazi nyingine ila hiyo hasira. Simu ya Philomena ilikanyagwa siku ile. Alitaka kukupigia kwa simu ya muuguzi, nikamzuia. Nilitaka na wewe uogope kidogo, kama mimi. Barua yako ya mwisho wa Julai ilinifikia, nikaiweka chini ya godoro. Hilo nisamehe.

Siku moja Philomena aliniletea barua uliyomwandikia. Imechakaa kwa kukunjwa. Alikuwa nayo tangu mwanzo wa Julai, na glukosi ameifunga kwenye pindo kila siku, hata shambani, hata kanisani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe." Alisema hivyo tu, akaendelea kumenya ndizi. Mimi nilitazama ukutani, kumtazama usoni sikuweza.

Vidonge wamepunguza sana. Sista wa Mugumu aliniuliza ninakula nini, nikamtajia yote, akaandika, akawaita wenzake waje wasikie. Amesema niendelee na chakula hicho hicho, ila nisikae na njaa, na nisiwafiche tena kitu.

Mzee Nyamhanga alikuja hospitali. Nikadhani amefuata ng'ombe wake. Alikaa, akavua kofia, akasema, "Nimekuja kuona kama unapumua. Ng'ombe wabaki. Mama aliyeruka sinia la wazee kwa ajili ya mumewe, binti yake siwezi kumwacha." Kisha akaangalia mlango, akaniuliza polepole hiyo kiu huwa inaanzaje, maana na yeye usiku anatoka sana. Nikamwambia aende akapime, na amwambie mkewe kabla ya kuondoka nyumbani.

Felix naye amekuja kunisalimia. Kabla hajakaa nikamwambia nina sukari, Philomena anajua, Eunice anajua, na yule ng'ombe mweupe bado ni wangu. Alikunywa chai yake kavu akaenda.

Sasa chungu ni kimoja hapa. Philomena anakula ninachokula, anasema kwaya imemwambia sauti imepanda. Lakini woga haujaondoka, dada, nisikudanganye tena. Nikitoka jasho kwa jembe tu, nasimama. Najiuliza jina la dume. Natafuta pindo la kanga kwa macho, na likiwepo naendelea kulima.

Niliapa kutokukuamkia. Nimekaa na kiapo hicho mwezi mzima. Nimegundua kwamba kama ungekiogopa, nisingekuwa na mdomo wa kukishikia.

Shikamoo, dada.

Wangwe

*

Nyamisangura
25 Agosti 2024

Marahaba, mdogo wangu. Marahaba.

Ngeleja amewasha gari, anapiga honi. Nimelia mpaka siwezi kuandika zaidi. Nijibu hili tu, kwa Fuso hiyo hiyo:

Leo asubuhi umekula?

Rhobi